Sura ya Tano: Deni la Jirani

Siku ya malipo ya maziwa watu hawachelewi. Kwenye kikundi kimoja cha wafugaji, upande wa Mlima Meru unaotazama Usa River, foleni ilikuwa imefika barabarani kabla ukungu haujatoka migombani. Mwaka ulikuwa 2007. Ndani, karani alikuwa akigawa karatasi za malipo zilizochapwa usiku wa kuamkia siku hiyo na programu niliyoiandika mimi, huku mweka hazina akihesabu fedha mezani.

Bibi mmoja alipokea karatasi yake, akamwomba kijana wa nyuma yake amsomee, kisha akairudisha dirishani. Ilisema amekatwa shilingi 38,000 za pumba.

"Mwanangu, ng'ombe wangu wanakula migomba na majani ya mtoni. Hiyo pumba nimeichukua lini?"

"Ngoja niangalie, bibi," karani alijibu, akafungua daftari la ghala. Jina la bibi halikuwemo. Kompyuta ilisema anadaiwa, daftari likasema hadaiwi. Kabla ya saa nne wenye malalamiko kama hayo walikuwa wamefika 31. Mchana watu walishapata maelezo yao, na kompyuta haikuwemo: karani anauza pumba kwa mlango wa nyuma, halafu anaandika deni kwa majina ya wanachama. Jioni ile alinyang'anywa funguo za ghala akaambiwa akae nyumbani.

Kosa lilikuwa langu. Ilinichukua usiku tatu kulipata, na hizo usiku tatu ndizo zilizonifundisha ninachokiandika katika sura hii.

Programu ilipita jina baada ya jina. Kwa kila mfugaji ilijumlisha lita, ikazidisha kwa bei, ikaenda kwenye jedwali la mikopo kusoma deni lake la pumba, ikalitoa, ikachapa karatasi. Mwezi ule tulikuwa tumehamisha orodha ya mikopo kutoka Excel, na katika kuhamisha, wote wasio na deni walibaki na nafasi tupu. Tupu si sifuri. Kompyuta ikiambiwa ichukue utupu na kuuweka mahali panapotakiwa namba, hugoma. Visual Basic niliyokuwa nikiitumia ingesimama na kulalamika, laiti ningeiacha ilalamike. Lakini juu kabisa nilikuwa nimeweka amri ambayo waandishi wengi wa programu mjini Arusha tulirithishana wakati ule kama dawa ya kila ugonjwa. Amri hiyo huiambia kompyuta: ukikutana na hitilafu, nyamaza, nenda mstari unaofuata.

Basi ilipomfikia bibi, ilijaribu kusoma deni ikashindwa, ikanyamaza, ikaenda mstari unaofuata. Mstari huo ulikuwa wa kutoa deni. Deni gani? Lile lililokuwa bado limekaa pale, la mtu aliyemtangulia kwenye orodha. Na aliyemfuata bibi, kama naye hakukopa, alikatwa deni lilelile, na wa baada yake vilevile, mpaka apatikane mkopaji mwingine wa kweli.

Kuna jambo lililoongeza uchungu. Orodha ilipangwa kwa majina ya ukoo, na huko Meru majina hayo ni machache kuliko watu: ukurasa mzima ni wakina Kaaya, unaofuata ni wakina Mbise, kisha Nanyaro, Nnko, Pallangyo. Kwa hiyo deni lilihamia kwa mtu wa ukoo uleule. Wenye hasira hawakuona kosa la mashine. Waliona ndugu anayebebeshwa mzigo wa ndugu yake kwa makusudi, na karani anayejua nani wa kumbebesha.

Kwa nini usiku tatu kwa kosa la mstari mmoja? Kwa sababu programu ile ilikuwa kipande kimoja cha mistari zaidi ya 1,400. Kusoma lita, kukokotoa, kukata, kuchapa, kuhifadhi, vyote vilikuwa vimeshikana. Thamani iliyowekwa mstari wa 90 ilikuja kutumika mstari wa 1,100, na katikati kulikuwa na mahali kadhaa ambapo utekelezaji uliruka kwenda mbele au kurudi nyuma. Waandishi wa programu duniani huuita msimbo wa namna hiyo tambi: ukivuta uzi mmoja, sahani nzima inatikisika. Karatasi ilikuwa mbele yangu, nami ndiye niliyeiandika, lakini sikuweza kuweka kidole kwenye mstari mmoja na kusema, "Tukifika hapa, haya ndiyo yaliyokwisha kutokea."

Kidole hicho ndicho alichokuwa akikizungumzia Edsger Dijkstra, Mholanzi, katika barua yake iliyochapishwa Machi 1968 kwenye jarida la chama cha wanakompyuta cha Marekani, ACM. Barua ile inakumbukwa kwa kuishambulia amri ya GOTO, ile inayoirusha programu kutoka mstari mmoja hadi mwingine wowote. Wengi wanaijua kwa kichwa chake kikali, ambacho hata hakukitunga yeye. Kilitungwa na mhariri, Niklaus Wirth. Hoja ya Dijkstra ilikuwa pana kuliko kichwa hicho. Akili ya mwanadamu, alisema, inashika vizuri vitu vilivyotulia, na inashika vibaya mambo yanayokwenda na wakati. Programu ikiwa karatasini imetulia. Ikiwa kwenye mashine inakwenda. Wajibu wa mwandishi ni kuyasogeza hayo mawili karibu, ili anayesoma karatasi aone mwendo wenyewe.

Miaka miwili kabla yake, Waitalia wawili, Corrado Böhm na Giuseppe Jacopini, walikuwa wamethibitisha kwa hesabu kwamba kila kinachoweza kukokotolewa na programu ya mirukoruko kinaweza kuandikwa kwa maumbo matatu tu: mfuatano, yaani hili kisha lile, uamuzi, yaani ikiwa hivi fanya hili, la sivyo fanya lile, na marudio, yaani endelea kufanya hadi sharti litimie. Kila umbo lina mlango mmoja wa kuingilia na mmoja wa kutokea. Uandishi wa programu kwa mpangilio umejengwa juu ya msingi huo.

Mzee wa kamati ya mfereji huko Arumeru angelielewa jambo hili haraka kuliko wengi wetu tuliosoma kompyuta. Mifereji ya Wameru na Waarusha ilichimbwa kabla Mjerumani hajafika, na mpaka leo migomba na kahawa ya mlimani inanyweshwa nayo. Maji huchukuliwa mtoni kwenye banio, hushuka kwa mfuatano, hufika kwenye mgawanyo yakaelekezwa huku au kule, na zamu hujirudia mpaka kila shamba lipate. Shamba la chini likikauka, mzee anapanda kando ya mfereji, mgawanyo baada ya mgawanyo, na kila anaposimama anajua maji yametoka wapi. Mtu akitoboa ukingo usiku na kuyatoa maji kwa njia yake, mpango wote unapoteza maana: maji yanatokea pasipo zamu, na wa chini anagombana na jirani asiye na hatia. Nilichokuwa nimekifanya kwenye programu ya maziwa kilikuwa kutoboa ukingo.

Dunia ya programu za biashara ilichelewa kuyasikia haya, na ilikuwa na sababu zake. Lugha iliyobeba hesabu za mabenki na makampuni, COBOL, ilibuniwa kuanzia 1959, kabla ya mjadala wote huo. Katika COBOL ya zamani masharti yalimalizwa kwa nukta. Nukta moja ikiangukia mahali pasipo pake, amri iliyokusudiwa kwa wadaiwa tu iliwahusu wateja wote, na jicho lilipita bila kuiona. Ni mpaka toleo la 1985 ambapo sharti lilipewa neno lake rasmi la kulifunga, mlango wake wa kutokea.

Sisi Tanzania tulichelewa kwa namna nyingine. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za serikali zilipohamishiwa kwenye mashine zilivurugika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Ukiitazama kalenda utaona tulichokosa. Oktoba 1968 wataalamu walikutana Garmisch, Ujerumani, kuzungumzia mgogoro wa programu zinazochelewa, zinazozidi gharama na zisizoaminika. Mwaka 1972 kilitoka kitabu cha Dahl, Dijkstra na Hoare kuhusu uandishi wa mpangilio, na mwaka huohuo David Parnas akaonyesha namna ya kuigawa programu katika vipande, kila kipande kikificha uamuzi mmoja unaoweza kubadilika kesho. Mabishano hayo makubwa ya fani yalikuwa bado yanaendelea mlango wetu ulipofungwa. Marufuku ilipolegezwa katika miaka ya 1980, na kompyuta ndogo zilipojaa madukani miaka ya 1990, tulipokea zana, dBase, FoxPro, Access, Visual Basic, bila kupokea ugomvi uliozizaa. Tulijifunza amri. Sababu za kujizuia kutumia baadhi ya amri hatukuzisikia. Naamini hicho ndicho chanzo cha programu nyingi mbovu za biashara nilizozikuta kati ya Sakina na Tengeru. Uvivu una sehemu yake, lakini ni ndogo.

Msomaji wa leo atasema lugha za sasa hazina GOTO. Nyingi kweli hazina. Ila mruko una sura nyingi. Kuna kigeu kinachoonekana na programu nzima, ambacho kipande chochote kinaweza kukibadilisha bila taarifa. Kuna hitilafu inayonaswa na kutupwa kimya. Na kuna kunakili, ambako kwa Arusha, mji wa watalii, kumeleta hasara niliyoishuhudia kwa macho.

VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ilianza nchini Julai 1998 kwa asilimia 20. Julai 2009 ikashuka hadi 18. Julai 1, 2016 ikaanza kutozwa kwenye huduma za utalii ambazo hapo kabla zilisamehewa, kama uongozaji wageni na usafirishaji wao mbugani. Tarehe hiyo inaangukia mwanzo wa msimu mkubwa, wakati magari yanapanga foleni Mnara wa Saa alfajiri yakisubiri wageni, na safari nyingi zilikuwa zimeshauzwa. Ofisi moja iliniita wiki ya pili ya Julai. Makadirio waliyomtumia mgeni, ankara ya mwisho, na ripoti ya mhasibu vilitoa jumla tatu tofauti kwa safari moja. Fomula ya bei ilikuwa imenakiliwa mahali 11 ndani ya programu. Kijana wao, mchapakazi kweli, alikuwa amebadilisha mahali tisa.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita: dola 45 ukiongeza asilimia 18 ni dola 53.10. Ugumu uko kwenye uamuzi unaoizunguka. Katika hifadhi za taifa mtoto wa chini ya miaka mitano halipi kiingilio, wa miaka 5 hadi 15 hulipa cha mtoto, wa 16 na kuendelea hulipa cha mtu mzima. Raia wa Afrika Mashariki ana kiwango chake, mgeni mkazi ana chake, mgeni wa nje ana chake, na wakati ule kiingilio kilihesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo aliyeingia alasiri na kutoka kesho yake asubuhi hakuwa sawa na aliyelala siku mbili kamili. Sasa chukua kijana anayetimiza miaka 16 akiwa katikati ya safari. Msimbo wenye mpangilio unalo jibu lake mahali pamoja: kipande kimoja kinachopokea tarehe ya kuzaliwa, uraia na tarehe ya kuingia, na kutoa kiwango kimoja. Kodi nayo ina kipande chake, chenye jedwali la viwango na tarehe ambayo kila kiwango kilianza, ili ankara ya Juni ikichapwa tena Agosti itoke na kodi ya Juni. Waziri wa Fedha akisoma bajeti mwezi Juni, mhasibu anaongeza mstari mmoja kwenye jedwali, na mwandishi wa programu haitwi kabisa. Tulipomaliza kazi ile, mahali 11 palikuwa pamebaki mahali pamoja tu.

Lakini bado fedha si jambo kubwa kuliko yote hapa. Nirudi kwa karani, nikipitia kwanza Uingereza.

Nchini Uingereza, kuanzia mwaka 1999, shirika la posta liliwawekea mawakala wake mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Mpaka kufikia 2015, mawakala zaidi ya 900 walikuwa wametiwa hatiani kwa wizi, ulaghai au hesabu za uongo kwa ushahidi wa mfumo huo. Wapo waliofungwa, waliouza nyumba kulipa deni ambalo halikuwapo, na waliokufa kabla majina yao hayajasafishwa. Desemba 2019 Mahakama Kuu ya huko iliamua kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zinazoweza kuzalisha upungufu wa uongo, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kuzifuta hukumu za mamia kwa pamoja. Hiyo ni nchi yenye mawakili wengi na magazeti yenye nguvu, na bado ilichukua miaka zaidi ya 20.

Nikisoma habari zile namwona karani wetu, pale Meru, akikabidhi funguo. Programu ya biashara humtolea mtu ushahidi. Inasema nani anadaiwa, nani amepunjwa, nani amepunguza kwenye droo. Mwandishi wa programu amekaa mbali, aghalabu mjini; keshia na karani wamekaa dirishani, na ghadhabu inawashukia wao. Kama msimbo hausomeki, hakuna anayeweza kuwatetea, hata aliyeuandika. Ndiyo maana siuiti mpangilio wa msimbo suala la unadhifu.

Usiku wa tatu, baada ya kulipata kosa, niliandika upya. Sehemu kuu ya programu ikawa hivi:

kwa kila mfugaji kwenye orodha:
    thamani = lita za mwezi × bei
    deni = deni la pumba la mfugaji huyu
    malipo = thamani toa deni
    chapa karatasi ya mfugaji huyu

Kila mstari ulikuwa na kipande chake nje, kifupi kiasi cha kuonekana chote kwenye kioo. Majina niliyaandika kwa Kiswahili, jambo ambalo wenzangu walilicheka na ambalo sijaliacha hadi leo, kwa sababu ya kilichotokea nilipofika kwenye kipande cha deni. Nilitaka kuandika: nafasi ikiwa tupu, deni ni sifuri. Kabla sijaandika nikaenda nyumbani kwa karani na karatasi mkononi. Aliisoma, neno kwa neno, mtu ambaye hakuwahi kusomea programu, kisha akatikisa kichwa.

"Hapana, kaka. Asiyekopa mimi huwa namwekea kistari. Tupu maana yake bado sijamwandika, risiti yake iko ghalani."

Nilishika kichwa. Vistari vyake, ambavyo kila mhasibu anavielewa, vilipotea katika kuhamisha kutoka Excel. Na mimi nilikuwa karibu kuondoa kosa la kwanza kwa kupanda la pili: wakopaji ambao risiti zao hazijafika wangelipwa kana kwamba hawadaiwi, na mwisho wa mwaka ghala lingekuwa na upungufu wa pumba. Tungemtuhumu nani? Kipande kikaandikwa hivi: kistari, deni ni sifuri; namba, deni ni hiyo; tupu, simama, usichape karatasi ya mtu huyu, mwite karani. Maamuzi matatu, kila moja na mlango wake, na hakuna ukimya. Ile tambi ya mistari 1,400 isingeweza kumwuliza karani swali hili, kwa kuwa ndani yake swali halikuonekana.

Siku iliyofuata mwenyekiti alisoma barua mbele ya wanachama, fedha za watu 31 zikarudishwa, karani akarudi dirishani. Alifanya kazi pale miaka mingine sita. Kila mwezi, kabla ya kuchapa, alikuwa akichukua wafugaji watano, mmoja asiye na deni, mmoja mwenye deni kubwa kuliko maziwa yake, mmoja mpya, na wengine wawili wowote, akawakokotolea kwa kikokotoo na kulinganisha na kompyuta. Mpango huo aliubuni mwenyewe. Sijawahi kuona majaribio ya programu yaliyochaguliwa kwa busara zaidi.

Katika Chuo cha Uhasibu Arusha, pale Njiro, wanafunzi wa uhasibu na wanafunzi wa kompyuta wanasoma ndani ya uzio mmoja. Ningekuwa na sauti pale, ningeomba kila programu ya mwanafunzi wa kompyuta isomwe kwa sauti na mwanafunzi wa uhasibu kabla haijapewa alama, na asipoielewa irudishwe. Faida ingeonekana kwenye foleni za maziwa na kwenye ofisi za safari mapema kuliko lugha yoyote mpya tutakayoisomesha.

Nawe unayeandika programu za watu, ukifunga kitabu hiki leo usiku fungua ile unayoijua zaidi. Tafuta kila mahali ulipoiambia ikikutana na hitilafu inyamaze. Paondoe kabla ya mwisho wa mwezi, maana mwisho wa mwezi kuna mtu atakayekaa dirishani na karatasi zako.